Kama Mgiriki alishasema jua ndilo liko katikati, kwa nini ulimwengu ulisubiri miaka 1,800 hadi Copernicus?

#1 Kilimia
Salaam wakuu. Juzi nilikuwa namsaidia binti yangu kazi ya nyumbani, nikakuta daftarini mwake sentensi iliyopigwa mstari mwekundu chini: "Copernicus ndiye mtu wa kwanza kusema kwamba dunia inalizunguka jua." Nilimwambia afute maneno "wa kwanza", akanigomea kwa sababu mtihani unataka jibu la mwalimu, si la baba.

Hoja yangu ni hii. Aristarchus wa kisiwa cha Samos, aliyeishi takribani kati ya mwaka 310 na 230 kabla ya Kristo, alishasema kwamba jua na nyota zimetulia na kwamba dunia ndiyo inayozunguka. Maandishi yake juu ya jambo hilo yamepotea, lakini Archimedes, mtu wa zama zake, ameyataja katika kitabu chake cha kuhesabu chembe za mchanga, kwa hiyo hatuwezi kusema ni hadithi iliyotungwa baadaye. Kitabu cha Copernicus, mtaalamu wa nyota wa Poland, kilichapwa Nürnberg mwaka 1543. Mimi naamini dini ndiyo iliyolizima wazo hilo kwa karne zote hizo katikati. Mwenye maelezo mengine na ayalete.

#2 Mzee wa Kivuko
Naungana na mleta mada. Galileo alichomwa moto kwa kusema ukweli huo huo, kwa hiyo sioni hata la kujadili.

#3 Mkaguzi
Mzee wa Kivuko, Galileo hakuchomwa moto. Unamchanganya na Giordano Bruno, aliyechomwa Roma tarehe 17 Februari 1600, na hata mashitaka yake yalihusu zaidi mafundisho ya imani kuliko mwendo wa dunia. Galileo alihukumiwa tarehe 22 Juni 1633, akalazimishwa kuikana kauli yake, kisha akakaa kifungo cha nyumbani huko Arcetri hadi alipofariki mwaka 1642.

Kwa mleta mada: dini unayoifikiria haikuwapo Aristarchus alipoandika. Ni kweli mwandishi wa Kigiriki Plutarch anasimulia kwamba mwanafalsafa Cleanthes aliona Aristarchus anastahili kushitakiwa kwa kukosa heshima kwa miungu, lakini hakuna habari kwamba kesi hiyo iliwahi kusikilizwa. Na ukija kwa Copernicus mwenyewe, mwaka 1533 nadharia yake ilielezwa mbele ya Papa Clement VII katika bustani za Vatikani, na aliyeieleza alizawadiwa hati ya Kigiriki. Kitabu kilipotoka kilikuwa kimetabarukiwa kwa Papa Paulo III. Amri ya kukisimamisha hadi kisahihishwe ilikuja mwaka 1616, miaka 73 baadaye. Ikiwa dini ndiyo maelezo yote, nieleze kwanza ililala wapi miaka hiyo 73.

#4 Fundi Saa
Mimi naona sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: wazo lilionekana halina akili. Ptolemy wa Aleksandria, aliyeandika katika karne ya pili kitabu ambacho Waarabu walikiita al-Majisti, hakuipinga dunia inayozunguka kwa aya za dini. Alisema kwamba kama dunia ingejizungusha mara moja kwa siku, mawingu na ndege walioko hewani wangeachwa nyuma, na kila kisichoshikamana na ardhi kingeonekana kikikimbilia magharibi. Sisi tulioko karibu na ikweta tunabebwa kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Mtu asiyejua lolote kuhusu fizikia ya Newton akikuuliza mbona kofia haitoki kichwani, utamjibu nini?

Tena, majedwali ya Ptolemy ya kutabiri mahali pa sayari yalifanya kazi. Mteja akija na saa inayokwenda, siifungui ndani ili nione kama magurudumu yake yamepangwa kwa uzuri.

#5 Nahodha Mstaafu
Hilo la ndege kuachwa nyuma ningeweza kumjibu Ptolemy nikiwa na miaka kumi na minne. Nilianza ubaharia kwenye jahazi lililokuwa likipita kati ya Pangani na Unguja. Siku moja nilitumwa juu kufungua kamba iliyojikunja kwenye foromali, na kisu kikaniponyoka huku tanga limejaa kusi na chombo kinakata maji vizuri. Kwa hesabu ya Ptolemy kisu kile kingeangukia shetri, yaani nyuma ya chombo, kwa sababu jahazi lilikuwa limeshasonga mbele kikiwa bado hewani. Kiliangukia chini ya mlingoti, kikachoma ubao karibu na mguu wa mpishi, na maneno niliyoambiwa siku ile hayaandikiki hapa.

Baadaye sana nilisoma kwamba mwanafalsafa Mfaransa Pierre Gassendi alifanya jaribio hilo hilo mwaka 1640 kwenye merikebu ya makasia karibu na Marseille, na matokeo yakawa yale yale. Jahazi linakwenda na kisu kinakwenda nalo. Ndivyo dunia ilivyo na mawingu yake. Swali langu kwa Fundi Saa ni kwamba mabaharia walikuwapo tangu zama za Aristarchus na vitu vilikuwa vikiwaponyoka. Mbona hakuna aliyeuliza?

#6 Fundi Saa
Labda waliuliza, ila mabaharia hawakuwa wakiandika vitabu. Pole kwa mpishi.

#7 MwanaFalaki
Wakuu, mnaizunguka sababu kubwa kuliko zote. Nyosha mkono, simamisha kidole gumba, funga jicho la kushoto, kisha fungua hilo na ufunge la kulia. Kidole kitaonekana kimehama mbele ya ukuta. Mhamo huo ndio paralaksi. Kama dunia inalizunguka jua, basi Januari na Julai tunazitazama nyota kutoka sehemu mbili zilizoachana mno, na nyota za karibu zingepaswa kuhama mbele ya zile za mbali. Wagiriki walitazama, hawakuona kitu. Aristarchus alikuwa na jibu, kwamba nyota ziko mbali kupita kiasi, lakini fikiria jibu hilo linavyosikika kwa mtu mwenye shaka: "Ushahidi wangu upo, ila ni mdogo mno kuonekana."

Karne nyingi baadaye Tycho Brahe, mtazamaji hodari kuliko wote kabla ya darubini, aliweza kupima nyota kwa usahihi wa karibu dakika moja ya nyuzi, yaani sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja, na bado hakuona paralaksi. Alikwenda hatua nyingine. Kwa macho, nyota zinaonekana kana kwamba zina upana; kama ziko mbali kiasi ambacho Copernicus anadai, basi kila moja ingepaswa kuwa kubwa kama njia nzima ya dunia kulizunguka jua au kuipita. Tycho aliliona hilo kuwa upuuzi, na kwa vipimo alivyokuwa navyo alikuwa na haki. Upana ule ni udanganyifu wa mwanga, jambo lililoelezwa sawasawa katika karne ya 19.

Kwa hiyo waliokataa hawakuwa wajinga. Walifuata ushahidi, na ushahidi uliwapotosha.

#8 Bi Zuhura
Ahsante MwanaFalaki. Nina darubini ndogo niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, na mguu wake mmoja nimeufunga kwa mpira wa baiskeli. Naitoa barazani baada ya magharibi. Mwanzoni nilidhani kioo kina kasoro, kwa sababu sayari ya Zuhura ilionekana imekatwa nusu kama mwezi wa siku saba. Nikaendelea kuitazama wiki baada ya wiki, ikawa inakua huku ikipungua: umbo linakonda kuwa hilali, lakini upana wake unaongezeka. Mama mkwe alitazama, akasema, "Huo ni mwezi mwingine."

Galileo aliyaona hayo hayo mwishoni mwa mwaka 1610. Katika mpango wa Ptolemy, Zuhura daima iko kati yetu na jua, kwa hiyo isingeweza kamwe kuonekana imekaribia kujaa. Ikijaa, ni lazima iwe imepita nyuma ya jua. Hapo mjadala ukaisha.

#9 Mzee wa Kivuko
Bi Zuhura kuishuhudia Zuhura! Huo ni ushahidi wa mtu na jamaa yake, hakimu hataukubali.

#10 Mkaguzi
Jina tumwachie, lakini mjadala haukuisha. Zuhura ilimwangusha Ptolemy, haikumthibitisha Copernicus. Tycho alikuwa amechapisha mwaka 1588 mpango wa tatu, ambapo sayari zote zinalizunguka jua, na jua lenyewe, likiwa limezibeba, linaizunguka dunia iliyotulia. Maumbo ya Zuhura yanatoka vile vile katika mpango huo. Mwaka 1651 padri Mjesuiti Riccioli alikusanya hoja 126 juu ya mwendo wa dunia, 49 za kuunga mkono na 77 za kupinga, na nyingi kati ya hizo hazikuhusu Maandiko kabisa. Ukiziweka pamoja na lile suala la upana wa nyota alilolieleza MwanaFalaki, utaona kwamba mtu mwenye busara wa mwaka 1651 angeweza kabisa kuchagua upande wa Tycho.

#11 Mtoto wa Madrasa
Salaam aleikum. Nimesoma kuanzia juu na nashangaa kwamba tumeruka kutoka Ugiriki hadi Poland kana kwamba katikati palikuwa na giza. Majina tunayotumia hapa, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Utaridi, na neno falaki lenyewe, yametufikia kwa njia ya Kiarabu, na hiyo peke yake ingetosha kutukumbusha.

Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, anaeleza kuhusu astrolabu, kifaa cha kupimia nyota, iliyotengenezwa na Abu Said al-Sijzi kwa kufuata wazo kwamba dunia ndiyo inayokwenda, na anakiri kwamba suala hilo ni gumu kulitatua. Ibn al-Haytham aliandika kitabu kizima cha shaka juu ya Ptolemy. Nasir al-Din al-Tusi, aliyeongoza kituo cha Maragha kilichoanza kujengwa mwaka 1259, alibuni namna ya kupata mwendo wa mstari ulionyooka kwa kuvingirisha duara ndani ya duara lenye upana mara mbili yake. Kisha akaja Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, mtunza nyakati za sala wa Msikiti wa Umayya wa Damascus. Katika miaka ya 1950 watafiti walipolinganisha hesabu zake za mwendo wa mwezi na zile za Copernicus waliona kwamba mpango ni mmoja. Na ule mchoro wa al-Tusi unaonekana pia katika kitabu cha Copernicus, huku herufi za mchoro zikikaribiana na za Kiarabu.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta mada ni kwamba ulimwengu haukusubiri. Kazi ilikuwa ikifanyika, ila daftari la shule haliitaji.

#12 Mkaguzi
Sehemu kubwa ya uliyosema ni sahihi na inastahili kusemwa kwa sauti. Lakini tuwe waangalifu: al-Tusi na Ibn al-Shatir waliiacha dunia katikati. Walichotaka kukiondoa ni kero nyingine ya Ptolemy. Kuhusu kuazima, Copernicus anawataja waziwazi al-Battani, Thabit ibn Qurra na Ibn Rushd, wanazuoni walioandika kwa Kiarabu, ila hamtaji Ibn al-Shatir. Wapo wanaosema aliupata mpango wake akiwa masomoni Italia, na kweli maktaba ya Vatikani ina hati ya Kigiriki yenye ule mchoro wa al-Tusi. Wapo wanaosema watu wawili wakikerwa na tatizo moja wanaweza kufika kwenye suluhisho moja.

#13 Fundi Saa
Kwa wasioijua kero yenyewe: Ptolemy alitaka sayari iende kwa mwendo wa sawasawa, lakini usawa huo unaonekana tu ukitazama kutoka nukta isiyo dunia wala kitovu cha duara. Ni sawa na kuambiwa gurudumu la baiskeli linazunguka vizuri, mradi ulitazame kutoka kwenye spoku fulani. Copernicus mwenyewe anaeleza kwamba jambo hilo lilimkera. Ndiyo maana naamini alianza kama fundi anayesafisha saa ya mwenzake, na kuhamisha jua kulitokea akiwa ameshaifungua. Hivyo akapunguza maduara ya kueleza mwendo wa sayari kutoka 80 hadi 34, na watu wakapenda wepesi.

#14 MwanaFalaki
Ulianza vizuri, ukaharibu mwishoni. Hesabu ya 34 inatoka katika kijitabu chake cha awali alichowapa watu wachache mnamo 1514. Kile kikubwa cha 1543 kina maduara mengi zaidi, na hiyo 80 ya Ptolemy imenakiliwa tu kutoka kitabu hadi kitabu. Wepesi wa kuhesabu haukuwapo. Erasmus Reinhold alipotoa majedwali yake ya mwaka 1551 kwa hesabu za Copernicus, hayakuwa bora sana kuliko ya zamani, na yeye mwenyewe hakujishughulisha na suala la dunia kwenda.

#15 Mlinzi wa Zamu
Naomba niseme ninachokijua kwa macho, maana kazi yangu ni ya usiku. Mwaka 2020, kipindi cha korona, nilikuwa nalinda ghala na sikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Niliiona Mirihi, nyekundu na kubwa, nikaamua kuichora kila wiki kwenye kipande cha boksi pamoja na nyota tatu zilizokuwa karibu nayo. Hadi Agosti ilikuwa ikienda mashariki. Septemba ikasita. Kisha ikaanza kurudi magharibi, Oktoba nzima, ikang'aa kuliko wakati wowote, na katikati ya Novemba ikasita tena na kuendelea na safari yake ya kwanza. Boksi lile ninalo mpaka leo. Mstari wake unafanana na uzi uliolegea.

Kumbe Ptolemy alilieleza jambo hilo kwa duara dogo linalopanda juu ya duara kubwa, na kila sayari akaipa la kwake. Kwa Copernicus ni basi letu kulipita basi jingine: kwa muda unaona kama lile la pembeni linarudi nyuma, ingawa madereva wote wanakwenda mbele. Tunaipita Mirihi kila baada ya siku 780 hivi, na ndipo inapong'aa kwa sababu tuko karibu nayo. Nilipoelewa hilo nilisimama peke yangu pale getini nikacheka. Nadhani Copernicus naye alishikwa na kitu kama hicho, na hesabu zikafuata.

#16 Kilimia
Mlinzi, tuwekee picha ya hilo boksi.

#17 Mwalimu wa Zamu ya Mchana
Nafundisha Jiografia, na nikiri kwamba ile sentensi yenye mstari mwekundu ingeweza kabisa kuwa yangu. Lakini mbona tunahangaika? Uthibitisho tunao hapa nyumbani. Dar es Salaam jua linapita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu na katikati ya Oktoba, na mwezi Juni linaingilia dirisha la kaskazini. Misimu hiyo inatokana na dunia kulizunguka jua huku mhimili wake umeinama. Anayetaka zaidi, kuna pendulo la Foucault la mwaka 1851: tufe linalobembea kwa waya mrefu, na mstari wake wa kubembea unageuka polepole kwa sababu dunia inajizungusha.

#18 Fundi Saa
Mwalimu, dirisha lako Ptolemy analieleza bila shida: jua lake linaizunguka dunia kwa njia iliyoinama. Ndiyo maana misimu haikumsaidia Aristarchus.

Pendulo nalipenda kwa sababu za kikazi, ila sisi limetunyima bahati. Foucault alining'iniza tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67 ndani ya Panthéon ya Paris, na mstari wa kubembea ukawa unamaliza mzunguko kamili kwa saa 32 hivi. Kadiri unavyoikaribia ikweta ndivyo unavyochelewa. Nimepiga hesabu: Dar es Salaam ungechukua karibu siku nane na nusu, Nairobi siku 44 au zaidi, na ikweta yenyewe hausogei kabisa. Galileo angezaliwa Nanyuki, pendulo lisingemfaa kitu.

#19 Mkaguzi
Na pendulo linaonyesha kwamba dunia inajizungusha, basi. Kwamba inalizunguka jua ni suala jingine.

#20 Mzee wa Kivuko
Sasa nyinyi wataalamu mnanichosha. Zuhura haitoshi, misimu haitoshi, pendulo halitoshi. Uthibitisho wa kulizunguka jua ulipatikana lini?

#21 MwanaFalaki
Mara mbili, mzee, na kote watu walikuwa wameshaamini kabla.

Mara ya kwanza ni James Bradley, aliyetangaza mwaka 1729. Alikuwa akitafuta paralaksi ya nyota moja inayopita karibu na utosi wa London, akakuta nyota inahama kweli kwa sekunde 20 hivi za nyuzi (sekunde ni sehemu moja ya sitini ya dakika ya nyuzi), ila katika miezi isiyolingana na paralaksi. Ukipanda bodaboda mvua ikinyesha wima, matone yatakupiga usoni kana kwamba yanatoka mbele. Mwanga wa nyota unatufikia hivyo hivyo kwa sababu tunakwenda kilomita 30 kwa sekunde, na upande unageuka kila baada ya miezi sita.

Mara ya pili ni Bessel wa Königsberg, mwaka 1838, aliyepata paralaksi yenyewe ya nyota iitwayo 61 Cygni: sekunde 0.31. Ni kama kuutazama upana wa sarafu ya sentimita 2 ukiwa kilomita 13 mbali nayo. Hicho ndicho Aristarchus alichokuwa akidaiwa.

#22 Bi Zuhura
Basi kama walishaamini kabla ya Bradley, waliaminishwa na nini? Mkaguzi ameniondolea Zuhura yangu, na bado sijalipwa.

#23 Mlinzi wa Zamu
Mimi nasema Kepler, mwanahisabati Mjerumani. Alihangaika na Mirihi, sayari yangu, kwa vipimo alivyoviacha Tycho, akapata mpango wa maduara uliokosea kwa dakika 8 tu za nyuzi. Mwingine angesema Tycho alikosea kupima. Yeye alimwamini marehemu kuliko alivyoyaamini maduara, akayatupa, na mwaka 1609 akachapisha kwamba njia ni duaradufu. Mwaka 1619 akaongeza kanuni ambayo hata mimi naweza kuikagua kwa simu: umbali wa Mshtarii kutoka kwa jua ni mara 5.2 ya wetu, ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu unapata kama 140.6, mwaka wake ni 11.86 ya miaka yetu, ukizidishwa kwa wenyewe unapata 140.7. Majedwali yake ya 1627 yaliwashinda wote waliomtangulia. Mnachomsifia Copernicus, kwa kiasi kikubwa ni cha Kepler.

#24 Mtoto wa Madrasa
Au ni Newton, mwaka 1687, aliyeeleza kwa nini hiyo duaradufu ipo. Bila mvutano, jua halikuwa na sababu yoyote ya kuwa katikati. Bado nasubiri mtu anieleze zile herufi za mchoro.

#25 Kilimia
Nawashukuru wote. Nilikuja na dini peke yake. Sasa nina ndege wa Ptolemy, kidole gumba, spoku ya baiskeli na boksi la Mirihi, na sijui nimweleze binti kipi kwanza. Jana usiku tumekubaliana sentensi mpya, ameiandika kwa penseli: "Copernicus ndiye wa kwanza kuchapisha hesabu kamili za sayari zikilizunguka jua." Daftari ameshalipeleka shule asubuhi.

#26 Mkaguzi
Hapo kwenye "kuchapisha" mngenisubiri. Mwanafunzi wake Rheticus alichapisha maelezo ya kwanza ya mpango huo Gdańsk mwaka 1540, miaka mitatu kabla ya mwalimu wake.

#27 Kilimia
Nimesema hesabu *kamili*, Mkaguzi.